Hatua Ishirini na Mbili za Ugali wa Mzee Mayige

Hivi wewe unayesikiliza, ukiulizwa ugali unasongwa kwa hatua ngapi, utajibu ngapi? Wengi husema tatu: chemsha maji, tia unga, songa. Wenye majivuno huongeza ya nne, kuepua. Basi jua kwamba pale Ngulyati, mwaka ule wa elfu mbili na moja, binti mmoja aitwaye Violeth alikaa juu ya kigoda na daftari lake, akazihesabu zikafika ishirini na mbili, na hapo kufukuza kuku hakukuhesabiwa.

Aliyesababisha hesabu hiyo ni Mzee Mayige, na aliyemsababisha Mzee Mayige ni kofia.

Miaka ile soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, na mkulima alikaa foleni mpaka akasinzia juu ya gunia lake. Sasa walikuja wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na mzani wake na turubai lake, wakiwavuta wakulima kwa vijizawadi. Huyu anagawa fulana, yule kalenda, mwingine kofia nyekundu. Mayige akasikia kofia zimebaki chache. Alifunga gunia la pamba juu ya baiskeli, gunia refu kuliko yeye, akashuka mteremko wa mtoni kwa kasi, bila breki, maana breki alikuwa amezifungua mwenyewe akidai zinamchelewesha. Kofia aliipata. Aliletewa hospitalini Bariadi, akavalishwa akiwa amelala.

Mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Hogo, ile plasta ya hospitali, lilikaa wiki sita. Lilipotolewa, mkono ukatoka mwembamba, umepauka, kifundo kimekaza kama bawaba yenye kutu, na vidole vikigoma kukunja ngumi. Daktari akasema mfupa umeunga, sasa atamtuma mtaalamu wa kuurudisha mkono kazini.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Mayige hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe Nyanjige, na ni lazima ulijue mapema ili usije ukamwonea huruma mahali pasipostahili. Mayige alipenda kupika.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mjomba wake alimchukua kwenda kambi ya wavuvi kule Kalemela. Kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote, alipewa sufuria. Miezi sita alipikia wanaume wanane: sato wa nyanya, furu wa kukausha, ugali wa mtama, ugali wa muhogo. Wenzake walilala wakiota ng'ombe. Yeye aliota mchuzi. Kisha akarudi nyumbani, akaoa, na mlango wa jikoni ukafungwa. Kwao mwanamume mwenye nyumba hakai jikoni. Akiingia ni kuchukua kaa la moto la kuwashia tumbaku, kisha atoke upesi, asije akasemwa kwamba anahesabu vipande vya nyama. Kwa hiyo Mayige alikaa nje miaka thelathini na minane akinusa. Kwa pua peke yake aliweza kujua kunde zimeanza kushika chini ya chungu kabla mpishi hajajua. Alikuwa akijua, na ananyamaza, na anakula zilizoungua.

Violeth alikuja Jumanne asubuhi kwa baiskeli, amevaa sketi ndefu ya bluu na viatu vya raba. Alikuwa amemaliza chuo huko Moshi, amesomea kitu walichokiita tiba kwa vitendo. Watu walidhani atachua. Hakuchua.

"Mwangaluka baba," alisalimia akipiga goti.

"Mwangaluka. Dawa ziko wapi?"

"Sikuja na dawa, baba. Dawa ni kazi zako mwenyewe za kila siku. Nianzie mwanzo. Ukiamka asubuhi unafanya nini?"

"Nanawa uso."

"Maji unachota wewe?"

Nyanjige alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka akimenya karanga. "Maji yanajichota," alisema bila kuinua kichwa.

"Halafu?" Violeth aliuliza, akiandika.

"Halafu nakunywa uji."

"Uji nao unajipika," alisema Nyanjige.

"Mama Mihayo, anaulizwa nani hapa?"

"Wewe, baba Mihayo. Endelea. Mimi niko na karanga zangu."

"Baada ya uji nakwenda kuangalia ng'ombe," Mayige alisema kwa heshima zote.

"Unawakamua?"

"Nawaangalia."

"Na kuwaangalia, baba, kunatumia mkono upi?"

Mayige akafikiri. Ni swali ambalo hakuwahi kuulizwa. Mwishowe aliuinua ule mkono mbovu, akanyoosha kidole kimoja kuelekea zizini. "Huu wa kuonyeshea," alisema.

Violeth hakucheka, alikuwa amefundishwa kutocheka. Aliandika kwa herufi nzuri: *kuonyesha kwa kidole*. Nyanjige ndiye aliyecheka, karanga zikamwagika mkekani, akaziokota akiendelea kucheka. Wakaenda hivyo mpaka jioni ya siku ile ya kwenye daftari, na ukurasa mzima wa Mzee Mayige ulikuwa na kunawa, kula, kuonyesha, kuzungumza na kulala. Yaliyobaki yote yalikuwa ya Nyanjige.

"Sasa, baba," Violeth alisema, "kwenye kazi yetu kuna swali moja kubwa. Usinijibu anachotaka daktari, wala anachotaka mama. Wewe mwenyewe unataka mkono huu ufanye nini?"

Neno lilimjaa Mayige mdomoni. Kupika. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nyuma ya uzio wa minyaa alikuwa amesimama jirani yake Athanasi, amejifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa kandambili. Athanasi na Mayige walichunga ng'ombe pamoja tangu utoto, na Athanasi alikuwa na ulimi ambao habari ikiupitia inafika mnadani kabla ya ng'ombe.

"Kulima!" Mayige alisema kwa sauti ya kufika uzioni. "Kulima kwa plau. Kama wanaume."

Violeth akaomba alione plau. Akalishika, akaliinamia, akajaribu kulisukuma, akauliza ng'ombe wakikwama linarukaje. Alipoelezwa, akatikisa kichwa. Kifundo kile kingerudi hospitalini kabla ya ng'ombe kugeuka mwisho wa tuta. Kukamua je? Ng'ombe hamsubiri mgonjwa, akichoka anapiga teke. Baiskeli je?

"Baiskeli usimtajie, mwanangu," Nyanjige alisema. "Mpe mwiko, basi, tumalize." Na akacheka tena peke yake.

Kalamu ya Violeth ikasimama. "Mama," alisema, "hebu kanisongee ugali, nikuangalie."

Ndipo zikahesabiwa zile hatua. Nyanjige alisonga kama anavyosonga siku zote, naye Violeth alikaa karibu na mafiga macho yakimtoka kwa moshi, akiandika si mikono tu bali kila kitu. Kuchutama, na magoti yanafanya nini. Kusukuma kuni ndani, na jicho linapimaje moto. Kuchota unga kwa kibakuli, hapo kiganja kinatazama juu. Kuumwaga, hapo kinageuka kutazama chini. Kushika sufuria kwa mkono mmoja isizunguke, na mwingine unakoroga. Kujua lini unga umetosha, ambayo ni kazi ya akili na si ya mkono. Kukandamiza, kugeuza, kukandamiza. Kuonja. Hata kufuta jasho kwa bega aliiandika.

"Kila kazi ukiifumua ina vipande," alimwambia Mayige walipotoka nje, "na kila kipande kinadai kitu fulani mwilini. Huu mkono wako unadai kugeuka, kukandamiza na kukamata. Hivyo vitatu nimevikuta vyote kwenye ugali. Na uzuri wake ni kwamba unaongezwa polepole. Wiki hii uji mwepesi, mkono usipigane nao. Wiki ijayo uji mzito. Halafu ugali wa mtu mmoja, halafu wa nyumba nzima. Unga ukizidi, nguvu inazidi."

Mayige akanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Yeye? Mzee mwenye wajukuu? Mwiko? Akanguruma kwa urefu unaotakiwa, asipunguze wala kuzidisha, na tumboni mwake furaha ilikuwa inaruka kama ndama aliyefunguliwa.

"Kama ni dawa ya hospitali," alisema mwishowe, sauti ya mtu anayepelekwa kuchanjwa, "nifanyeje? Nitaimeza. Lakini mlango ufungwe. Na Athanasi asijue."

"Hatajua," Nyanjige aliapa, mabega yakimtetemeka.

Wiki ya kwanza Mayige alikoroga uji. Ulimshinda kweli, tusimsingizie. Mwiko ulimponyoka mara tano, na jasho likamtoka kwa ajili ya kitu ambacho mtoto wa darasa la pili anakiweza. Lakini wiki ya tatu, ugali wa mtu mmoja ulipofika, Nyanjige alianza kuona mambo. Kabla ya kutia unga, Mayige alirusha punje chache tu kwenye maji, akaziangalia zinavyotawanyika, akasubiri, akarusha tena.

"Hiyo umeitoa wapi?" Nyanjige aliuliza.

"Kwenye daftari la yule binti."

"Daftari lile nililisomewa lote. Hiyo haimo."

"Basi nimeota."

Siku nyingine alikuwa anamwangalia mkewe akipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akamwona anamimina karanga zilizotwangwa moto ukiwa bado mkali. Hakuweza kuvumilia. "Punguza kuni kwanza, Mama Mihayo. Karanga zinaingia mwisho, moto umelala. Ukizitia sasa zinakatika, mafuta huku, maji huku."

Nyanjige aligeuka taratibu sana, kijiko mkononi. "Miaka thelathini na minane unakula unafuta mdomo unakwenda zako. Leo karanga zina mwisho?"

"Nimesema tu."

"Sema lingine."

Mayige hakusema lingine. Lakini kuni alizipunguza, kwa mguu, kidogo kidogo, akijifanya ananyoosha goti. Nsansa ile ilipoiva Nyanjige alionja, akaonja tena, akamtazama mumewe kwa muda mrefu kama anayetazama mgeni aliyeingia na funguo.

Wiki ya sita ugali ulikuwa wa nyumba nzima, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu ugali wa nyumba nzima unafika shikome. Huo ni moto wa wanaume, mbele ya zizi. Jua likielekea kuzama wanakuja majirani, kila nyumba inaleta bakuli lake, na wote wanakula katika yote. Sehemu nyingi ulikuwa umeshakufa, watu wamehamia kwenye redio. Kwa Mayige ulikuwa bado unawaka, na wanaume watano hawakukosa.

Athanasi ndiye aliyemega kwanza. Akachovya, akatia mdomoni, akasimamisha taya.

"Huu umetoka nyumba gani?"

"Hapa," alisema Mayige, akiangalia ng'ombe.

"Hapa? Mama Mihayo huyuhuyu?" Athanasi akamega tena, akaliviringa tonge mbele ya uso wake kama mtu anayekagua pamba. "Laini. Umeiva mpaka ndani. Haunati kidoleni. Jamani, onjeni."

Wakaonja. Mabakuli ya nyumba nyingine yakabaki yanapoa. Nyanjige alipokuja na maji ya kunawa, Athanasi alimpigia makofi kwa heshima. "Mama, leo umetupikia kama unatuaga. Mayige, nakwambia mbele ya watu, mwanamke huyu humstahili."

Mayige alimeza tonge na jibu kwa pamoja.

"Asanteni, baba zangu," Nyanjige alisema akiinamisha macho. "Ni kujitahidi tu."

Alipoingia ndani akamkuta mumewe ametangulia, anazunguka chumbani. "Kujitahidi!" Mayige alifoka kwa kunong'ona. "Umejitahidi nini wewe?"

"We! Sikuumwa mgongo mie? Sikulia kwa moshi?" Nyanjige alikaa kitandani akajipepea na upande wa kanga. "Ukitaka nikawaambie, nitawaambia sasa hivi. Wako hapohapo bado."

"Hapana!"

"Basi niache nisifiwe. Sijasifiwa tangu nilipomzaa Mihayo."

Ikawa hivyo jioni kwa jioni. Mayige anapika mlango umefungwa, Nyanjige anasifiwa mlango uko wazi. Alizidi kupendeza, huyo mama. Athanasi akafika mbali zaidi, akamtuma mke wa mwanawe, Lucy, aje kufundishwa. Siku hiyo Mayige alilazimika kutoka mbio kupitia nyuma, akajibanza kati ya ukuta wa jiko na ghala la mtama, sikio kwenye ufa. Alimsikia Nyanjige akimfundisha Lucy kila kitu kama alivyofanya zamani, upesi upesi, unga wote kwa mkupuo mmoja. Aliuma midomo. Alishika kichwa. Mwishowe ikamtoka kupitia ufa: "Kidogo kidogo! Moto upunguze!"

Lucy akaruka. "Mama! Nani huyo?"

"Baba yenu," Nyanjige alisema bila kutikisika. "Anasali rozari. Siku hizi ana bidii sana. Punguza moto."

Lakini kila dawa ina siku yake ya kwisha, na Violeth alikuwa ameshasema: mwisho wa mwezi wa tatu wa tiba atakuja kupima, na mkono ukiwa umerudi atafunga faili. Mayige alianza kuumwa siku mbili kabla. Aliufunga mkono kwa kitambaa. Aliugua akinywa maji, aliugua akivaa shati, aliugua hata akiwa amelala upande wa mkono mzima.

Violeth alimtazama tangu mlangoni. Akamwomba asonge ugali.

Mayige alisonga kwa mateso makubwa. Kila akigeuza mwiko alitoa "aah" ya kupasua moyo. Violeth alikaa na daftari lake lililochakaa pembe, akitazama, akitia alama.

"Baba," alisema, "hatua ya tisa umeugua, ya kumi hukuugua. Ya kumi na tatu umeugua sana, ya kumi na nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, umeifanya unapiga mluzi."

"Maumivu yanakuja na kwenda."

"Yanakwenda ukiwa unafikiria ugali," alisema Violeth.

Mayige akafungua mdomo ajitetee, na hapohapo figa la kushoto likateleza, sufuria ikainama kuelekea kwenye majivu. Mkono wa kulia ulitoka wenyewe. Ulikamata sufuria kwa kile kitambaa cha ugonjwa, ukaigeuza, ukaiweka wima, ukatoa kuni moja, ukarudisha figa mahali pake, vyote hivyo katika kitambo cha kupiga chafya. "Nyanjige, figa hili nimekwambia mara ngapi limelegea!" Mayige alifoka.

Ugali ulipumua mara moja, pwa.

"Mkono huo umepona, baba," Violeth alisema. "Naona una kama mwezi sasa."

Mayige aliutazama mkono wake. "Mjinga wewe," aliuambia polepole.

Violeth akafungua fomu. "Kuna mstari mmoja tu umebaki. Mgonjwa anataka kufanya nini sasa."

"Andika kulima."

"Baba, nimekuangalia miezi mitatu. Likitajwa jembe macho yako hayaendi popote. Ikitajwa nsansa unasogea mbele kwenye kigoda."

"Kulima, binti yangu. Andika."

Violeth alifunga kalamu. "Sitaandika uongo. Na hata hivyo jibu lenyewe si la kunipa mimi. Mimi napanda baiskeli naondoka. Unabaki na hawa." Akaaga kwa goti kama alivyokuja, akaenda zake, mstari ukiwa mtupu.

Nyanjige alinyoosha mkono, akauchukua mwiko. "Haya, baba Mihayo. Dawa imekwisha. Nirudishie jiko langu."

Mayige alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Unataka kuniambia kitu?" aliuliza Nyanjige, na safari hii hakuwa anacheka.

"Hapana."

"Haya."

Jioni ile Nyanjige alisonga mwenyewe. Wala hakufanya ubaya wowote, tusije tukamzulia. Alisonga kama alivyosonga tangu alipoolewa, haraka, kwa nguvu, unga kwa mkupuo, maana alikuwa bado na mbuzi wa kufunga na maharage ya kupepeta. Alilibeba bakuli mpaka shikome, akaliweka, akarudi nyuma hatua mbili.

Athanasi alimega. Akatafuna. Akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, donge la unga mkavu, akaliinua kwenye mwanga wa moto ili kila mtu alione.

"Hapana," alisema. "Leo hapana."

"Labda ni hilo moja," alisema mmoja.

"Hili hapa la pili. Na la tatu ni hili, limekuja na wanawe." Wakacheka. "Jamani, ndiyo shida ya kumsifu mtu. Amevimba kichwa, anatulisha mawe. Mayige, wewe ndiye mwenye nyumba. Rudisha bakuli."

Kwenye moto ule kurudisha bakuli kulikuwa na utaratibu wake. Mwenye nyumba hulibeba mwenyewe, limejaa, mbele ya watu, analiweka miguuni pa mkewe, na asubuhi kila kisima cha Ngulyati kinakuwa na habari. Lilikuwa halijawahi kurudishwa kwa Nyanjige. Hata mara moja.

Mayige akamtazama mkewe. Nyanjige alisimama pale, mikono ameifunga ndani ya kanga, kidevu juu. Neno moja tu lilitosha kumwokoa, na alikuwa nalo: *ule mliokuwa mnakula si wangu, ni wa huyu.* Hakulisema. Alikuwa ameapa kwamba Athanasi hatajua, na mabega yake usiku huu hayakutetemeka.

"Beba, bwana," Athanasi alihimiza. "Au unamwogopa?"

Mayige akalivuta bakuli kwake. Akamega, tonge kubwa, donge na wanawe humohumo, akala. Akamega tena.

"Ugali huu hauna kosa," alisema. "Ndio huu mliokula kwangu miaka yote hamkufungua mdomo. Ule mwingine mliokuwa mnausifu sikupikiwa na mtu. Niliusonga mimi."

Kicheko kikapasuka, kirefu, mmoja akaanguka chali kutoka kwenye kigoda, ng'ombe zizini wakasimama. Athanasi alicheka mpaka akafuta machozi, halafu, kwa kuwa pamoja na ulimi wake alikuwa rafiki, akainua kiganja kuwanyamazisha.

"Subirini, subirini. Yule binti wa baiskeli! Si alikuwa anamtibu mkono? Ni dawa ile, jamani." Akamgeukia Mayige, na alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, tena mlango mpana. "Sema tu ilikuwa dawa, ndugu yangu. Dawa haina aibu. Umepona, umetoka jikoni, yamekwisha. Si ndivyo?"

Wote wakangoja. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Nyanjige alikuwa amesogea karibu hatua moja.

"Mkono ulipona mwezi uliopita," Mayige alisema. "Nilikuwa nausingizia maumivu. Nilikuwa nikiogopa kufukuzwa jikoni. Athanasi, cheka unavyotaka, nimekungoja ucheke tangu tuna miaka kumi na tisa. Sitaki kulima mpaka nife. Mama Mihayo, nataka kupika."